Anatafuta Kanda Isiyo na Sauti Yake

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na soko la Jericho, Nairobi, limeshachangamka. Peter Ndolo ameinamia deki yake, sikio limekaribia spika, macho ameyafumba. Mbele ya kibanda amesimama Mzee Walter Owuor, mstaafu wa reli, mikono mfukoni, akisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Kanda inayozunguka ndani ya deki imeletwa na Owuor. Aliiokota kwenye chumba cha mpangaji mmoja Mkamba aliyehama Makongeni mwaka jana na kuacha takataka zake nyuma.

Wimbo wa kwanza unaisha. Wa pili unaanza, na Ndolo anainua kidole, watu wanyamaze. Beti mbili zinapita. Kisha mwimbaji anaacha kuimba na magitaa yanashika kasi. Kila mpenzi wa benga anajua kinachofuata hapo: mwimbaji huanza kuongea juu ya magitaa, akiwaita watu wake kwa majina, mke, rafiki, mjomba aliyemnunulia gitaa.

Lakini kwenye kanda hii hasikiki mke wala mjomba. Inapasuka sauti nene ya kujisifu: "Hii ni kazi safi ya Ndolo, Jericho Market. Usikubali nyingine."

Ndolo anabonyeza kitufe na kanda inasimama.

"Pole, mzee," anasema. "Hii pia ni yangu."

"Lakini si ulisema unatafuta Musembi? Huyo si Musembi?" anauliza Owuor.

"Ni Musembi. Shida ni kwamba na mimi nimo."

Owuor anacheka mpaka anashika ukingo wa meza. Ndolo hacheki. Anaitoa kanda, anaipangusa kwa kitambaa, anamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Tangu mwezi wa tatu mwaka huu wa 1998 amesikiliza kanda mia moja na kumi na tatu za mwimbaji huyo huyo, wimbo huo huo, mahali hapo hapo. Zote zina sauti yake.

Ukutani, juu ya bati, amebandika karatasi ya daftari: "Mwenye kanda ya Musembi wa Mwala, ya zamani, isiyo na sauti yangu, ailete. Nitampa kanda mpya kumi." Jericho nzima inamtania kwa tangazo hilo. Wanasema wamewahi kuona watu wengi wakitafuta vitu sokoni, lakini mtu anayejitafuta, na akijipata anakasirika, huyo ni wa kwanza.

Ndolo ana umri wa miaka arobaini na moja. Alizaliwa Kangundo, akaja Nairobi akiwa kijana kufanya kazi ya ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Mwaka wa 1992 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na jina lake likawa kwenye orodha. Pesa alizopewa za kuagwa zilitosha vitu viwili: karo ya muhula mmoja na deki yenye milango miwili, ya kunakili kanda.

"Mke wangu alidhani nimerukwa na akili," anasema. "Mtu hana kazi, ananunua redio."

Lakini deki ile ilijua kulisha. Mtu alikuja na orodha ya nyimbo kumi na mbili kwenye kipande cha karatasi, rumba mbili, benga tatu, taarabu moja kwa ajili ya mama, na Ndolo alizitafuta zote kwenye makabati yake na kuzipanga kwenye kanda moja. Ukija na kanda yako, shilingi thelathini. Ukija mikono mitupu, hamsini. Kanda halisi kwenye maduka ya River Road ilikuwa mia moja na ishirini, na ilikuwa na nyimbo za mtu mmoja tu.

Je, alijua kwamba ni wizi? Swali hilo halimshtui. Ameulizwa na polisi, ameulizwa na mchungaji wake, na siku hizi anajiuliza mwenyewe.

"Nilijua kuna sheria," anasema. "Lakini niliiona sheria ya watu wakubwa. Mama anayeuza omena hapa Jericho hana mia na ishirini ya kusikia wimbo. Nikimrekodia kwa thelathini, mwenye wimbo amepoteza nini? Huyo mama hangenunua kwake hata siku moja. Halafu nilijiambia, ninamtangaza mwimbaji. Watu wanamjua kwa sababu yangu."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na alilitoa kwa dhati. Kilichomkosesha usingizi wakati huo hakikuwa waimbaji. Kilikuwa wenzake wa biashara.

Ndolo ana sikio zuri. Alijua wimbo gani ufuate upi, na kanda zake zilipendwa kuanzia Maringo hadi Umoja. Baada ya muda akagundua kwamba wenye vibanda wengine walikuwa wakinunua kanda moja kwake, wanaenda nayo, wanatoa nakala mia. Aliyemuumiza zaidi ni Fowsiya, mama mwenye duka la kanda kule Eastleigh, ambaye alikuwa akiuza mpangilio wa Ndolo wimbo kwa wimbo, bila kubadilisha hata mmoja. Mwaka wa 1994 Ndolo alimwendea dukani na kumtukana mbele ya wateja.

"Nilimwambia ananiibia jasho langu," anakumbuka, na hapa anajificha uso kwa kiganja. "Haki ya Mungu nilisema hivyo. Jasho langu."

Wiki hiyo hiyo alinunua kipaza sauti cha shilingi mia nne. Kuanzia siku hiyo kila kanda aliyoiuza ilibeba sauti yake, mara nne kila upande, ili anayenakili anakili na tangazo.

Ndolo alikuwa mwangalifu kwa jinsi yake. Hakutaka kuharibu muziki. Alitafuta mahali ambapo mwimbaji haimbi, ambapo ni gitaa tu na maneno ya kawaida ya kuongea, na hapo ndipo alipoiweka sauti yake.

"Mimi ni Mkamba," anasema. "Kikamba ninakisikia. Nilimsikia yule mtu akiita majina. Lakini nilijiambia hizo ni porojo, wimbo wenyewe sijaugusa. Nilijiona mtu mwenye heshima sana."

Hivyo ndivyo alivyofanya kwenye nyimbo zake zote za benga. Hivyo ndivyo alivyofanya kwenye wimbo wa pili wa Musembi.

Alasiri moja mwezi wa tatu mwaka huu, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani alifika kibandani akiwa amemshika mkono msichana wa miaka minane. Alikuwa amevaa viatu vizuri ambavyo vilionekana vimevuka matope. Akasalimu kwa Kikamba.

"Wewe ndiye Ndolo wa Jericho Market?"

"Ndiye mimi, mama. Karibuni."

"Mimi naitwa Nthambi. Natoka Mwala. Huyu ni Mutheu. Baba yake alikuwa Musembi, mwimbaji."

Ndolo anasema alijua mama huyo amekuja kudai. Siku hiyo alikuwa ameingoja miaka sita. Alikuwa na hotuba tayari kichwani: kwamba yeye si tajiri, kwamba amemtangaza marehemu, kwamba wakubwa wa River Road ndio waliokula. Alikuwa pia na noti ya mia tano kwenye mfuko wa shati, na mkono wake ulikuwa umeshaufikia mfuko huo.

"Sikuja kukudai," Nthambi akasema. "Nimekuja uniuzie kanda. Nina thelathini na kanda yangu."

Akaeleza. Musembi na wenzake wanne walirekodi nyimbo sita mwaka wa 1987, katika studio ndogo ya mjini ambayo siku hizi ni duka la vyombo. Walilipwa mara moja tu, wakagawana. Mwaka wa 1989 lori alilopanda Musembi kurudi nyumbani lilianguka. Mutheu alizaliwa miezi minne baadaye. Kanda moja waliyokuwa nayo nyumbani ililoweshwa na mvua paa lilipovuja. Nthambi alikwenda studio, akaambiwa kanda kuu ilirekodiwa bendi nyingine juu yake zamani sana. Kati ya wale wenzake wanne hakuna hata mmoja aliyehifadhi.

Kisha mwaka jana, akiwa hotelini Machakos akinywa chai, akamsikia mumewe akiimba kwenye spika. Na katikati ya wimbo huo, ambao haukuwa ule wa pili, akasikia jina na anwani ya mtu wa kumtafuta.

"Kwa hivyo ile kelele yangu ndiyo iliyomleta," anasema Ndolo.

Akaiweka kanda kwenye deki. Anakiri alifanya hivyo kwa furaha, kwa sababu mzigo ulikuwa umemshuka moyoni. Mwanamke hana kesi naye, anataka kitu ambacho yeye anacho. Wimbo wa kwanza ukapita, Nthambi akitikisa kichwa polepole. Wa pili ukaanza. Nthambi akamvuta mtoto karibu na spika.

"Sasa sikiliza," akamwambia. "Sikiliza hapa."

Magitaa yakashika kasi. Ikaja ile sauti nene. Hii ni kazi safi ya Ndolo.

Mtoto akamwangalia mama yake na kuuliza, "Mama, huyo ndiye baba?"

Ndolo anasimulia hapa kwa sauti ya chini, na anachezea kalamu anayorudishia kanda zilizolegea. Anasema Nthambi hakupandisha sauti wala hakulia. Alimjibu mtoto tu: "Hapana. Huyo ni huyu hapa." Na mtoto akamwangalia Ndolo.

Ndipo Nthambi akamweleza kilichokuwa mahali pale. Musembi alikuwa akifanya kibarua cha mjengo Nairobi wakati wa kurekodi, na hakuwa amefika nyumbani kwa miezi mitano. Alimtumia mkewe salamu kwa njia aliyokuwa nayo. Alisema, Nthambi binti wa Kyalo, usichoke kunisubiri, nitafika kabla mahindi hayajakauka.

"Hapo tu ndipo alipotaja jina langu," Nthambi akasema. "Wewe umejitaja mara nne."

Ndolo aliomba radhi. Akamwambia ataitafuta nakala safi, asubiri siku mbili. Siku mbili hizo zimekuwa miezi saba.

Mwanzoni aliona ni jambo dogo. Wimbo ule aliupata mwaka wa 1993 kutoka kwa dereva mmoja wa lori, na kwa miezi minane ya kwanza aliuuza bila sauti yake. Anakisia aliuza nakala arobaini. Lazima moja ipo mahali. Akawaendea wateja wake wa zamani, mlango kwa mlango, Jerusalem, Bahati, Mbotela. Wengi walimkumbuka, na wengi walimwambia jambo lile lile: kanda ile walikuwa wameshaichoka, wakamrudishia yeye mwenyewe awarekodie nyimbo nyingine juu yake kwa shilingi thelathini.

"Nilizifuta kwa mkono huu," anasema. "Na walinilipa."

Nakala yake mwenyewe isiyo na sauti aliifuta pia, kwa sababu kanda tupu ni pesa. Dereva wa lori alihamia Mombasa na haijulikani yuko wapi. Ndolo alijaribu kuitoa sauti yake kwa mashine, akashusha mlio huu na kupandisha ule, akampelekea fundi wa Gikomba anayetengeneza vipaza sauti vya makanisa. Fundi alimwambia kwamba chumvi ikishaingia kwenye mchuzi, imeingia.

Ilibaki Eastleigh. Miaka minne hakuwa amekanyaga duka la Fowsiya, na siku alipokwenda alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia. Fowsiya alimtambua hapo hapo.

"Umekuja kunitukana tena, au leo una shida?" akamuuliza.

"Nina shida, dada yangu."

Akamsimulia yote. Fowsiya alisikiliza akiwa ameegemea kabati, kisha akasema, "Siku ile uliniambia nimekuibia jasho. Nilitaka kukuuliza, ndugu yangu, wewe uliimba wapi? Lakini hukunipa nafasi, ulikuwa unapiga kelele."

Aliagiza chai. Akashusha maboksi matatu kutoka juu ya kabati, na wawili hao wakakaa chini kwenye mkeka kuanzia saa sita mchana hadi adhuhuri ikapita na alasiri ikaingia, wakisikiliza kanda moja baada ya nyingine. Walipata Musembi mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alikuwemo Ndolo, akisema watu wasikubali nyingine.

"Nilinakili kwako," Fowsiya alimwambia wakati wa kuagana. "Ningenakili kwa mwingine, leo ningekusaidia."

Tangu mwezi wa nne Ndolo ameacha kuweka sauti yake kwenye kanda. Ameacha pia kunakili nyimbo za waimbaji wa hapa nchini ambao kanda zao bado zinauzwa. Mteja akitaka, anamwandikia kwenye karatasi jina la mwimbaji na duka la River Road linalouza, na anamwomba anunue. Wengine hununua. Wengi wanakwenda kibanda cha pili, hatua ishirini kutoka kwake, wanarekodiwa kwa thelathini.

Zamani kwa siku nzuri aliingiza shilingi mia nne. Siku hizi akifikisha mia mbili anashukuru.

Nyimbo za ng'ambo bado ananakili. Ukimuuliza tofauti iko wapi, anajikuna shingo.

"Wale sijawahi kumwona mjane wao," anasema. Kisha anaongeza, "Najua hilo si jibu. Naye mjane wa mtu wa Kinshasa yupo mahali. Lakini nina watoto watatu shuleni, na mambo mengine ninayaelewa polepole."

Mke wake, Kathini, anayeuza vikapu vya kiondo katika soko la Kariokor, anayaelewa kwa njia yake. "Mimi simkatazi kutubu," anasema. "Atubu tu watoto wakiwa wamekula."

Mzee Owuor naye ana maoni, na anayatoa bila kuombwa. Yeye anaona Ndolo anajitesa bure. "Sikiliza," anasema akigonga meza. "Studio ilifuta. Mvua ikaharibu. Wenzake walipoteza. Ni nani alikuwa na wimbo wa yule marehemu? Ni mwizi peke yake. Mwizi ndiye aliyeutunza."

Ndolo hakatai. Anasema Nthambi mwenyewe alimwambia karibu maneno hayo siku ile alipokuwa akifunga kanda yake kwenye leso ili aondoke, kwa sababu aliichukua vivyo hivyo, na sauti ya Ndolo ndani yake. Alimwambia: kama hungeuchukua wimbo, ungekwisha, na kama hungejitangaza, nisingejua nikutafute wapi, kwa hivyo sijui hata nikwambie nini. Akamlipa shilingi zake thelathini. Ndolo alizikataa, Nthambi akaziweka juu ya deki na kuondoka.

"Angenitukana ningepona haraka," anasema Ndolo.

Mwezi wa kumi na mbili anapanga kufunga kibanda wiki mbili. Watu wa Ukambani wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani Krismasi, na Ndolo anataka kuwepo. Atabeba redio ndogo ya betri na kanda tupu hamsini, aanzie soko la Mwala, aende Wamunyu, aende Masii, aingie kila baa na kila hoteli iliyokuwa na spika mwaka wa 1987. Mwenye kanda ya zamani atampa kanda mpya, naye aondoke na ile. Kathini amesema atampa nauli ya kwenda. Ya kurudi atajijua.

Wanaomcheka wanamuuliza kwa nini asimwachie Mungu jambo hili. Miezi saba inatosha, mama mwenyewe hamdai, na wimbo tayari wanao.

Ndolo anafungua droo na kutoa barua iliyokunjwa mara nne. Ilifika mwezi uliopita, imeandikwa kwa mkono wa Nthambi, kwa Kiswahili. Anaisoma kwa sauti, kwa kuwa ameulizwa.

Nthambi anasalimu, anasema mvua imenyesha vizuri, anauliza hali ya watoto. Halafu anaandika: "Mutheu anaisikiliza kanda kila jioni. Ameujua wimbo wote, anauimba akiteka maji. Akifika pale katikati huwa anasema maneno yako, kwa sauti nzito kama yako. Nimemwambia asiyaseme. Ananiuliza, sasa hapo niseme nini?"

Ndolo anaikunja barua. Kuna mteja amefika na anasubiri, lakini haangalii upande huo.

"Sitafuti msamaha," anasema. "Nataka tu huyo mtoto afike pale katikati, mimi niwe nimenyamaza, amsikie baba yake akimwita mama yake."